Riwaya imekamilika: nianzie kwenye simu, kwa mchapaji au kwa mchapishaji?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Igoma, Mwanza. Nimemaliza kuandika riwaya ya Kiswahili kuhusu akina mama wanaoanika dagaa Igombe, ina maneno 58,000. Mgawo wangu wa kikoba ni shilingi 1,500,000. Mwenye steshenari mmoja hapa mjini ameniambia kwa hela hiyo atanitolea nakala 300. Mwenzangu wa kazini anasema karatasi zimepitwa na wakati, niiweke WhatsApp na Facebook watu wailipie kwa simu. Mwingine anasema niwe mvumilivu, nipeleke mswada kwa mchapishaji Dar es Salaam. Nataka uandishi uwe kazi yangu, si kitabu kimoja tu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hongera sana kwa kufika mwisho. Wengi wanaosema wanaandika riwaya wana sura nne ndani ya daftari. Wewe una kitu kizima mkononi, na ndiyo sababu jibu langu litakuwa la tahadhari: riwaya hii usiichape mwaka huu, na usiiweke mtandaoni. Ipeleke kwa wachapishaji na kwenye mashindano, ukiwa umejiwekea tarehe ya mwisho ya kusubiri. Wakati inasubiri, andika hadithi fupi nne au tano, ndizo uziuze kwa simu. Karatasi kwa gharama yako ije mwisho, tena nakala 100, si 300.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mtaani huchanganywa. Mchapaji ni mwenye mashine. Unampa faili, anakupa vitabu, unamlipa, mmemalizana. Mchapishaji ni mwenye mtaji na soko. Analipia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, kisha anakulipa wewe mrabaha kwa kila nakala iliyouzwa. Kipimo ni rahisi: hela inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Mtu akijiita mchapishaji halafu akakudai milioni mbili za "kuchangia gharama", huyo ni mchapaji mwenye kadi nzuri ya biashara. Si kosa kumtumia, lakini ujue unanunua huduma, na udai bei ya huduma.

Sasa tuihesabu ofa ya steshenari. Milioni moja na nusu kwa nakala 300 ni shilingi 5,000 kila nakala. Tuseme utauza 10,000. Duka likichukua kwa mali kauli likabakiza asilimia 30, kwako inarudi 7,000. Nakala 20 zitakwenda bure: za kuhifadhi maktaba, za kupeleka redioni, za wazazi, na zile zilizobandikwa vibaya. Unabaki na 280. Ili mtaji tu urudi unatakiwa uuze nakala 215. Ukiziuza zote 280, faida ni 460,000, na hapo hujamlipa mhariri, mchora jalada, wala nauli ya kufuatilia madeni dukani. Anayeanza, ambaye hakuna anayelijua jina lake, huuza haraka nakala 60 hadi 80 kwa ndugu, walimu wenzake na wanakwaya, kisha mauzo yanasimama ghafla. Maboksi yanabaki chini ya kitanda, na deni la kikoba halijui kwamba kitabu ni kizuri.

Halafu kuna jambo la huku kwetu. Mwandishi wa ukanda huu ana mfano ambao hana budi kuujua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na toleo hilo likatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Alifariki mwaka 1981. Leo kazi ile inahesabiwa miongoni mwa nguzo za fasihi yetu. Kitereza alikuwa na mlango mmoja tu, ukafungwa. Wewe una milango mitatu, na ukiifungua kwa mpangilio mbaya mmoja huufunga mwingine. Nitaeleza unavyofungana.

Kabla ya mlango wowote: mswada usafishwe

Hatua hii hairukwi, uende simu au karatasi. Tofauti ni gharama ya kosa. Kwenye faili la simu kosa linasahihishwa jioni hiyohiyo. Kwenye nakala 300 za karatasi linakaa maisha yote ya kitabu.

Lugha nyingi za pembezoni mwa ziwa, Kisukuma kikiwemo, hazitenganishi sauti za "r" na "l" kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Hilo huingia kwenye maandishi ya mtu msomi kabisa bila mwenyewe kuhisi. Kompyuta haitakusaidia, kwa sababu kula na kura yote ni maneno sahihi, mahali na mahari pia, mbali na mbari pia. Kwenye riwaya yako, ambamo bila shaka kuna posa na uchaguzi wa mtaa, sentensi moja tu ya "walikubaliana mahali" inaweza kumvuruga msomaji. Tumia kitufe cha kutafuta, pitia kila "mahali" moja baada ya jingine, kisha kila "kura", kisha kila "mbali". Ni kazi ya saa mbili. Tafuta pia herufi h zilizoanguka au kuongezeka (ata, apana, hasubuhi), na alama ya ng': wengine huichapa kwa vitufe viwili tofauti, kisha wakitafuta "ng'ombe" kompyuta inawaonyesha nusu tu.

Baada ya hapo isome kwa sauti, sura mbili kwa siku, kutoka kwenye karatasi iliyochapwa. Jicho linalosoma kwenye kioo huruka neno lililorudiwa, mdomo hauruki. Kisha umpe mhariri wa kulipwa, na mkubaliane kabla: je, anahariri muundo (sura ipi iondoke, mhusika yupi hana kazi) au anasahihisha lugha tu? Ni kazi mbili, bei mbili. Kama fedha inatosha moja, chagua ya muundo. Makosa ya tahajia walimu wenzako wanaweza kukusaidia kuyatoa. Sura ya tisa inayochosha hawataisema usoni kwako.

Linda haki yako pia. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inazaliwa pale unapoandika, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, hakuleti haki hiyo. Kunakupa ushahidi siku mtu akitoa kazi yako kwa jina lake. Hata kabla ya usajili, jitumie mswada kwa barua pepe yako mwenyewe kila unapomaliza rasimu, ili tarehe iwepo.

Mlango wa mchapishaji, na kikomo cha kusubiri

Tanzania ina wachapishaji wa kweli wa fasihi, ingawa si wengi. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na E & D Vision ni majina ya kuanzia. Kenya nako wapo wanaotoa riwaya za Kiswahili. Kabla hujatuma, nenda Maktaba ya Mkoa hapa Mwanza, chukua riwaya za Kiswahili za miaka kumi iliyopita, tazama ukurasa wa hakimiliki uone nani alitoa nini. Kumpelekea riwaya mtu anayetoa vitabu vya watoto pekee ni kumpotezea muda, na wewe kujipotezea.

Kinachotumwa ni barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa kurasa mbili unaoeleza hadithi yote hadi mwisho (usifiche mwisho, mchapishaji si msomaji wa kushangazwa), na sura tatu za kwanza. Mswada wenyewe uwe kwenye A4, herufi ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, kurasa zimepewa namba. Maneno 58,000 kwa mpangilio huo ni kama kurasa 230. Usitume jalada ulilochorewa na kijana wa mtaani, wala shukrani, wala picha yako ya mahafali.

Baada ya miezi 6 bila jibu andika ukumbusho wa mistari mitatu. Baada ya miezi 12 andika barua ya kuuondoa mswada, ibaki kumbukumbu, kisha uendelee na mlango mwingine. Ukituma kwa wachapishaji wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja ajulishwe.

Sambamba na hilo, peleka kwenye mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Hapa ndipo milango inapofungana. Mashindano mengi hutaka mswada ambao haujachapishwa popote, na kuurusha Facebook sehemu kwa sehemu kunaweza kuhesabiwa kuwa umeshauchapisha. Mchapishaji naye akikuta riwaya nzima inazunguka kwenye magrupu ataona soko lake limeshaliwa. Mwenzako wa kazini anakushauri kwa nia njema, lakini ukimfuata kwa riwaya hii hakuna namna ya kuirudisha ndani. Soma masharti ya mwaka unaoshiriki, neno kwa neno.

Mkataba ukija, usiusaini siku hiyo. Mambo manne yasome mara tatu. La kwanza ni msingi wa mrabaha. Asilimia 10 ya bei ya jaladani, kitabu kikiuzwa 12,000, ni shilingi 1,200. Asilimia hiyohiyo ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata asilimia 40 ni shilingi 720. Maneno ni yaleyale, "asilimia kumi", pesa ni tofauti. Nayo serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye mrabaha, kwa hiyo omba hati yake. La pili, haki za kielektroniki na za kitabu cha kusikiliza: ziwe na kifungu chake, na zirudi kwako kama hakuzitumia ndani ya miaka miwili. La tatu, kitabu kikiisha sokoni kwa miezi 12 na hakichapwi tena, haki zote zirudi kwako. La nne ni taarifa ya mauzo: mara ngapi kwa mwaka, na nani anaruhusiwa kukagua vitabu vya hesabu. Mkataba usiosema lini utaletewa hesabu ni mkataba wa kutolipwa.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, kishawishi cha kuuza shuleni kitakuja. Kitabu kinachotumika rasmi madarasani kinahitaji ithibati ya Kamishna wa Elimu. Kuwauzia wanafunzi wako mwenyewe bila hilo ni kujitafutia barua ya kujieleza.

Mlango wa simu: hapa ndipo utajenga jina

Unachokosa sasa hivi si kitabu, ni watu wanaongojea jina lako. Hao hupatikana kwa simu kwa gharama ndogo kuliko njia nyingine yoyote. Andika hadithi fupi mpya, tofauti na riwaya, kila moja maneno 8,000 hadi 12,000, uikate sehemu 8 hadi 12. Sehemu yenye maneno 900 hadi 1,200 inasomeka ndani ya daladala kutoka Igoma hadi mjini. Kila sehemu ikatike mahali ambapo mtu ameuliza swali moyoni na hajajibiwa, si mahali maneno yalipotimia elfu moja.

Toa sehemu tatu au nne za mwanzo bure, siku na saa zilezile kila wiki. Ukiahidi Jumatano saa mbili usiku, iwe saa mbili. Grupu za hadithi hufa kwa sababu ya mwandishi kupotea siku nne kisha kurudi na samahani, si kwa sababu ya hadithi mbaya. Ndiyo maana sharti la kwanza ni hili: usirushe sehemu ya kwanza kabla hujaandika ya mwisho.

Kama wasomaji wako ni watu wa mialoni, fuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika: watu wana muda wa kusoma, mfuko mwepesi. Hapo toa za bure. Giza likirudi hela inarudi mwaloni, hapo ndipo uombe malipo ya hadithi nzima. Mwandishi wa Dar es Salaam hawezi kukupangia ratiba hiyo.

Uza hadithi nzima, usiuze sehemu mojamoja. Malipo ya shilingi 200 mara kumi yanaliwa na makato na yanamchosha mnunuzi. Shilingi 2,000 mara moja kwa lipa namba ni rahisi kwenu wote. Wasomaji 100 ni shilingi 200,000, na hukununua hata rimu moja ya karatasi. Namba ya biashara iwe na laini yake, si ile ya familia, na kila mnunuzi umwandike kwenye daftari: jina, namba, tarehe, hadithi gani. Daftari hilo ni mali kuliko fedha yenyewe. Siku ukichapa karatasi, ndilo litakalokuambia uchape ngapi.

Faili unalotuma lina kasoro moja inayorudiwa na karibu kila anayeanza: wanatengeneza PDF ya A4. Kwenye simu herufi zinakuwa kama mchanga, msomaji anavuta ukurasa kulia na kushoto kila mstari, na hafiki sehemu ya pili. Weka ukurasa wa milimita 90 kwa 160, pambizo milimita 6, herufi ukubwa wa 12, mistari ianzie kushoto bila kulazimishwa kunyooka kulia. Maneno ya Kiswahili ni marefu ("wasingekwishaondoka"), ukiyanyoosha pande zote kwenye ukurasa mwembamba yanaacha mashimo katikati.

Bora zaidi ni EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo, na msomaji anakuza herufi anavyotaka. Kuitengeneza si kazi ya fundi. Kwenye Word au LibreOffice, kila kichwa cha sura ukipe mtindo wa kichwa ngazi ya kwanza, usikikuze kwa mkono tu. Aya zijongezwe kwa mpangilio wa aya, si kwa kubonyeza nafasi tano. Sura mpya ianze kwa kikomo cha ukurasa, si kwa kubonyeza Enter mara ishirini. Kisha pitisha faili kwenye Calibre, programu ya bure, ikupe EPUB, na uikague kwa EPUBCheck, nayo ya bure. Yaliyomo yakitoka bila sura, au aya zikatawanyika, rudi kwenye mitindo: karibu kila mara tatizo linaanzia hapo. Riwaya nzima isiyo na picha kwa kawaida haifiki MB 1 ukiacha jalada, kwa hiyo hata mwenye bando dogo ataipakua.

Wizi upo, tusidanganyane. Mnunuzi mmoja anaweza kusambaza kwa watu mia. Dawa iliyo karibu ni kuandika jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa wa faili lake, jambo linalochukua dakika moja kwa kila mtu. Haizuii mwizi mwenye nia, lakini inamfanya jirani mwema afikiri mara mbili kabla ya kubofya "sambaza". Na ndiyo sababu nyingine ya kupeleka hadithi fupi huku, si riwaya. Ikiibwa hadithi ya 2,000, jina lako limesafiri. Ikiibwa riwaya ya miaka mitatu, umepoteza shamba.

Ukifikiria blogu yako mwenyewe, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zina masharti ya leseni kwa watoa maudhui.

Utaambiwa pia kuhusu Amazon. Inalipa asilimia 70 kwa vitabu vya dola 2.99 hadi 9.99, na 35 nje ya hapo, lakini ile 70 ni kwa wanunuzi wa nchi zilizoorodheshwa. Kwa mauzo ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, na malipo huja takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Kabla ya kupakia, hakikisha Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazopokelewa na kwamba benki yako inapokea malipo yao. Usitie tiki mpango wa KDP Select bila kuusoma: unakufunga usiuze kitabu hicho kwa njia nyingine yoyote ya kielektroniki kwa siku 90, na kumtumia mtu PDF kwa WhatsApp ni kuuvunja. Kwa maoni yangu, riwaya ya Kiswahili kuhusu Igombe ina wasomaji wengi zaidi kwenye lipa namba kuliko kwenye kadi ya benki. Amazon iwe ya baadaye, kwa ndugu walio ughaibuni.

Mlango wa karatasi, ukifika wakati wake

Miezi 12 ikipita bila mchapishaji wala tuzo, na daftari lako likiwa na wanunuzi 150 hivi, sasa chapa. Watu husema karatasi imekufa; siyo kweli. Mtu wa huku hakuiti mwandishi mpaka amekishika kitabu chako mkononi, na kitabu ndicho zawadi ya mahafali na ya kipaimara. Ila chapa kwa akili.

Ukubwa wa A5, herufi 11, kwa wastani wa maneno 300 kwa ukurasa, riwaya yako ni kama kurasa 193. Ongeza kurasa za mwanzo, unafika 200 na kitu. Panga ziwe 208, kwa sababu wapigachapa wa ofseti, mashine kubwa ya kiwandani, hukunja karatasi kwa fomu za kurasa 16, na 208 ni fomu 13 kamili. Kurasa 210 zingekulipisha fomu ya 14 kwa ajili ya kurasa mbili. Kwa nakala 100 tumia mashine ya dijitali. Ofseti inatengenezewa pleti (bamba la kuchapia), gharama yake ya kuanza ni kubwa, na inaanza kuwa nafuu nakala zikifika mamia kadhaa.

Karatasi ya ndani iwe gramu 80, jalada gramu 250 au 300 lenye lamineti. Kurasa 208 ni karatasi 104, na gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mgongo ni milimita 10.4. Faili la jalada basi ni upana wa 148 + 10.4 + 148, yaani 306.4, ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande linakuwa 312.4 kwa 216. Mchoraji akikupa jalada kabla ya kujua idadi ya kurasa, amekisia mgongo, na jina lako litapinda kuelekea mbele. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi, rangi za CMYK, yaani za wino wa uchapaji. Buluu ya ziwa inayong'aa kwenye simu hugeuka kijivu ikichapwa kutoka RGB, rangi za kioo.

Kuna jambo wachapaji wengi hawalisemi: mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, kitabu hakifunguki vizuri, na unyevu wa ziwa ukiingia kurasa zinajikunja kama bati. Chukua karatasi, ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Dai nakala moja ya prufu iliyobandikwa, ifungue katikati, ukurasa wa 104, ilaze mezani na uibonyeze kwa kiganja. Gundi ikipasuka au karatasi ikachomoka, usilipe nusu iliyobaki hadi abadili gundi. Na siku zote lipa nusu mwanzo, nusu baada ya kuona, kwa karatasi iliyosainiwa.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na vitabu vingi vya kwetu huanza na 978-9976 au 978-9987. Toleo la karatasi na la EPUB kila moja lipate namba yake. Mwenye steshenari akikupa namba "iliyopo", ikague: tarakimu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, endelea hivyo hadi ya 13, ujumlishe. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba ni ya kubuni. Ikigawanyika, itafute kwenye intaneti uone isije ikawa ni ya kitabu cha mtu mwingine.

Maboksi usiyaweke sakafuni, hasa mvua za Machi hadi Mei. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa kuuza, anza na wale 150 wa daftarini kabla hujaenda dukani: wape bei ya wiki mbili na ukusanye malipo ya awali, ndipo umlipe mchapaji. Za mikoani tuma kwa mabasi: ya Musoma na Bunda yako Nyamhongolo, ya Geita na Bukoba Nyegezi, na za Ukerewe zipande meli ya Nansio ndani ya mfuko wa nailoni. Viwanja vya Nane Nane pale Nyamhongolo kila Agosti huleta watu ambao mwaka mzima hawaingii duka la vitabu. Mali kauli wape maduka matatu tu, nakala tano kila moja, kwa hati, na uzunguke kila tarehe 5, mishahara ikiwa imeshatoka.

Ile milioni na nusu, basi: lipa mhariri, lipa nauli ya mswada na ada ya usajili, nunua laini na simu yenye nafasi ya kutosha kama huna, inayobaki irudi kikobani. Wiki hii fanya mawili. Tafuta kila "mahali" kwenye mswada, na uandike sehemu ya kwanza ya hadithi fupi ambayo haina uhusiano wowote na Igombe.